Sifuri ya Mama Mkwe

Mwaka ulikuwa 2023, majira ya mvua za Aprili, wakati ambapo barabara za Bukavu hugeuka mifereji na kila aliyejenga kwenye mteremko huutazama ukuta wake kwa mashaka. Jumatano ya wiki ya pili, saa tatu asubuhi, mpagazi wa soko la Nyawera aitwaye Josué alipanda ngazi za ofisi ya chama cha bima ya afya, iliyokuwa ghorofani juu ya duka la mabati. Alisimama mlangoni kwa sababu maji yalimtiririka hadi miguuni, na hakutaka kuichafua sakafu ya watu.

Karani wa chama, Maman Adèle, mwanamke wa miaka sitini na saba aliyevaa kitenge kilichopigwa pasi na miwani iliyofungwa kwa uzi, alimwita aingie.

"Ingia, papa. Maji haiko zambi."

"Maman, bibi yangu alizaa juzi. Balimupasua, balimutia mifuko mbili ya damu. Sasa ku opitali banasema jina yake haiko ku liste."

"Haiko namna gani? Leta kadi."

Josué aliitoa kadi kutoka ndani ya mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nne. Mkewe, Tatiana, alikuwa ameandikishwa Desemba; miezi mitatu ya kungoja ilikwisha mwishoni mwa Februari, na tangu Machi alistahili kutibiwa kwa gharama ya chama. Adèle alilifungua daftari lake. Jina lilikuwapo, mstari wa kumi na nne, kwa mwandiko wa wima aliofundishwa na masista.

"Hii hapa. Na ku mashini niliiandika pia. Ilinijibu *Terminé*. Imeisha. Njo vile inanijibuka kila mwezi."

"Ku opitali haikuisha, maman. Banamufunga kule. Hatatoka mupaka tulipe dola mia tatu makumi ine, na damu turudishe. Mufuko moja nilitoa miye mwenyewe jana. Ile ingine nitaitoa wapi?"

Gharama ya upasuaji chama kingeweza kuibeba, lakini damu ilikuwa na sheria yake: familia ya mgonjwa huleta watu wa kuirudisha, mfuko kwa mfuko, na kadi ya bima haimsamehe mtu yeyote hata tone.

Adèle alimpigia simu rais wa chama, Papa Zagabe. Hakumpigia Pascal, aliyeitengeneza programu ya kupeleka orodha ya wanachama hospitalini kila mwezi, ijapokuwa Pascal alilala nyumba moja naye. Pascal alikuwa mume wa binti yake, na kwa mkwe huyo Adèle hakuzoea kupeleka neno lolote moja kwa moja.

&nbsp;

Programu hiyo Pascal aliiandika kwa lugha ya amri iitwayo PowerShell. Hapo mwanzo ilikuwa faili la maandishi ambalo yeyote angeweza kulifungua, na mwezi wa Februari mjumbe mmoja wa kamati alilifungua kwa udadisi, akafuta mstari mzima. Kamati ikaagiza lifungwe. Mwanzoni mwa Machi Pascal akalifungasha kuwa programu moja isiyofunguka, akaiweka katika kompyuta ya ofisi. Kuiendesha kulihitaji amri moja tu: jina la programu, namba ya mwezi, kisha neno *Essai*, yaani jaribio, likifuatwa na moja au sifuri. Moja ilimaanisha kujaribu bila kuigusa orodha ya hospitali. Sifuri ilimaanisha kazi ya kweli.

Mtu mwingine angemfundisha karani kwa kuketi kando yake. Pascal hakuweza. Katika familia yao mkwe wa kiume haketi benchi moja na mama wa mkewe, hali naye sahani moja, wala hasimami nyuma ya kiti chake akiitazama mikono yake. Tangu Adèle ahamie kwao Muhumba, katika vyumba viwili vya kupanga nyuma ya nyumba ya mwenye kiwanja, heshima hiyo ilikuwa imekazwa zaidi, kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo. Kwa hiyo Pascal aliiandika amri kwenye karatasi, akampa mkewe Emérence, naye Emérence akampa mama yake. Adèle aliibandika karatasi ukutani mwa ofisi, akawa anainakili kila mwezi herufi kwa herufi.

Alasiri ya Jumatano hiyo Pascal aliitwa mbele ya kamati. Alikuja na kompyuta yake mwenyewe, ambamo alihifadhi lile faili la awali, lisilofungwa. Aliisoma karatasi ya ukutani, akaiandika amri ile ile, akabonyeza. Orodha ilitoka, ndani ya kompyuta hiyo tu isiyounganishwa na hospitali, na jina la Tatiana lilikuwamo.

"Kwa hiyo mashini iko muzima," alisema Papa Zagabe, mzee mnene aliyeuza maharagwe kwa jumla na aliyezoea kupima vitu.

"Iko muzima, président."

"Na karatasi?"

"Iko sawa."

"Basi kosa iko wapi?"

Pascal aliitazama kibodi. Mama mkwe wake alikuwa ameketi hatua nne kutoka kwake, mikono juu ya daftari.

"Mashini inafanyaka tu ile mutu ameandika," alisema.

Hakumtaja mtu. Haikuwa lazima, aliyeandika alikuwa mmoja. Mjumbe mmoja alikohoa, akauliza kwa upole kama pengine ni macho ya maman. Mwingine hakuona haja ya upole.

"Ao franga ya batu haikufika ku mashini," alisema, na wawili wakacheka kidogo puani.

"Papa Zagabe," alisema Adèle, "miaka kenda niko hapa."

"Najua, maman. Njo maana nasema tu kwanza ukapumuzike. Utatuachia ufunguo."

Adèle aliufungua ufunguo kutoka pembe ya kitenge chake. Akatoa muhuri na kidau cha wino. Kisha akaombwa aufungue mkoba wake, kwa ajili ya utaratibu tu, na akaufungua. Mlikuwa na rozari, vidonge vya shinikizo la damu, na nusu ya parachichi iliyofungwa katika karatasi. Wajumbe walivitazama vitu hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Pascal alikuwa akiukunja waya wa kompyuta yake, akaukunja, akaukunjua, akaukunja tena.

&nbsp;

Jioni, kabla ya giza kuingia, Emérence aliipua sufuria ya fufu. Kichanga wao, Chris, wa miezi saba, alikuwa mgongoni. Adèle alikuwa ameshaingia nyuma ya pazia lililokitenga kitanda chake, akasema hana njaa.

"Papa Chris," alisema Emérence, "ulisema nini kule ku biro?"

"Sikutaja jina ya mutu."

"Nakuuliza ulisema nini."

"Nilisema mashini inafanyaka ile mutu ameandika."

"Na ule mutu ni nani? Ni muzimu?"

Pascal alimega tonge, asilile. Sauti ya Adèle ikatoka nyuma ya pazia, tulivu, ikimwendea binti yake.

"Emérence, umuambie bwana yako, ile karatasi niliifuata mupaka nukta ya mwisho."

"Umuambie maman," alisema Pascal, "sikatae kama aliisoma. Lakini angeifuata, liste ingetoka. Kwangu imetoka."

"Umuambie kwake ni kwake. Miye naandikia ku biro."

"Umuambie amri ni moja, kwangu na ku biro."

Emérence aliliweka chini bakuli la mboga ya sombe kwa kishindo, mtoto akashtuka.

"Miye siko telefone yenu! Musikie na masikio yenu, mukoseane na vinywa vyenu!"

Hawakukoseana. Adèle hakula.

Kesho yake neno lilikuwa limefika bombani. Wanawake waliokuwa wakingoja maji walimsalimu Adèle kwa adabu iliyozidi, wakamwachia zamu kabla ya wakati wake ili aondoke upesi. Alhamisi jioni, katika sala ya shirika la Wakristo wa mtaa, kikapu cha sadaka ambacho yeye alikipitisha kila wiki kilikabidhiwa mwingine. Hakuna aliyeeleza sababu. Adèle aliweka sadaka yake kama wengine, akaimba mpaka ubeti wa mwisho.

&nbsp;

Ijumaa mama na binti walikwenda hospitalini na thermos ya uji. Tatiana hawakumkuta kitandani. Kitanda kilikuwa kimepewa mgonjwa aliyelipa. Alikuwa amelala kwenye mkeka ukumbini, karibu na ndoo za wafagizi, mtoto wake wa kike akiwa kifuani, na kila aliyepita alilazimika kuiruka miguu yake.

"Weye njo ule maman wa biro?" aliuliza.

"Njo miye."

"Banasema ulikula franga yetu."

"Na weye unasema nini?"

Tatiana alifikiri. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mwenye midomo iliyopasuka.

"Miye nasema kidonda inaniwasha, na ule mulinzi ananifuata mupaka ku choo, anasema nitakimbia. Nitakimbia na tumbo gani?"

Adèle alimmiminia uji, akamshikia kikombe. Kisha akainuka, akauliza mahali wanapotoa damu. Huko aliketi kwenye benchi pamoja na vijana watatu, akaukunja mkono wa blauzi yake hadi juu ya kiwiko. Muuguzi alimtazama.

"Maman, uko na miaka ngapi?"

"Makumi sita na saba."

"Uikalie, maman, hiyo damu yako. Weye mwenyewe utaihitaji."

Vijana walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka. Emérence akasema basi atatoa yeye. Muuguzi akamtazama Chris aliyekuwa akinyonya kifuani pake, akatikisa kichwa.

Josué naye alikuwa amewaomba wapagazi wenzake. Walimpenda, wakamchangia franga, ila damu hapana. Mpagazi huuza mgongo wake, walimwambia. Akitoa damu leo, kesho atabeba gunia na nini? Nao walikuwa wamemwona yeye mwenyewe Jumatano hiyo, siku moja baada ya kutoa, akiweka gunia chini mara tatu kabla ya kufika mwisho wa kilima.

&nbsp;

Jumapili, baada ya misa ya pili, umeme ulirudi. Emérence aliifuta meza, akaiweka kompyuta ya mumewe, akasogeza viti viwili.

"Papa Chris, uko na ile mashini yenyewe ulifunga? Ile ya ku biro?"

"Iko ku flashi."

"Uliitumikisha hata mara moja kiisha kuifunga?"

Pascal aliijaribu mara nyingi kabla ya kuifunga. Baada ya kuifunga aliona imefungika, akaridhika.

"Basi leo Maman ataandika, na weye utakaa pembeni yake uangalie."

"Emérence," alisema mama yake kutoka mlangoni, "usinitie haya."

"Haya iko tayari inje, Maman. Iko inachota maji ku bomba. Kaa."

Adèle aliketi. Pascal aliketi pia, akiwa amekisogeza kiti chake mbali kiasi cha mkono mmoja, uso umeelekea ukutani. Ilimpasa Emérence amgeuze bega.

Adèle aliandika kwa kidole kimoja. Alilisema kila neno kimoyomoyo, midomo ikitikisika, akaacha nafasi mahali pa nafasi: *liste.exe -Mois 4 -Essai 0*. Alilisoma upya lote kabla ya kubonyeza. Kioo kikajibu: *Terminé*.

"Njo vile," alisema Adèle, akiuambia ukuta.

Pascal alilifungua folda la orodha ya hospitali. Halikuwa limebadilika. Alilifungua folda la majaribio. Orodha mpya ilikuwa humo, na jina la Tatiana lilikuwa humo. Akaiandika amri yeye mwenyewe, kwa haraka. Ikawa vile vile. Akaiandika mara ya tatu polepole kama alivyofanya mama mkwe wake, kisha akalifungua faili la awali, akalisoma mstari kwa mstari.

Kosa lilikuwa dogo kiasi cha kuudhi. Faili lilipokuwa wazi, sifuri iliyoandikwa kwenye amri ilipokelewa kama namba, na namba sifuri kwa mashine ni hapana: hapana, hili si jaribio. Lakini programu iliyofungwa hupokea kila kilichoandikwa baada ya jina lake kama maandishi matupu. Sifuri ile ikawa alama tu, herufi kama herufi nyingine, na kwa mashine maandishi yoyote yenye kitu ndani yake ni ndiyo: ndiyo, hili ni jaribio. Tangu Machi ofisi ilikuwa ikijaribu tu. Pascal hakuieleza programu kwamba kinachokuja hapo ni namba. Tena alikuwa ameandika neno lile lile la mwisho, *Terminé*, kwa kazi ya kweli na kwa jaribio, ili asijisumbue kuandika mawili.

"Ni nini?" aliuliza Emérence.

"Iko kitu kidogo. Neno moja. Nitaitengeneza sasa hivi, kesho asubui liste itatoka, na ule mama atafunguliwa."

"Na jina ya Maman?"

Mkataba wa Pascal na chama ulikuwa dola themanini kwa mwezi, na ndizo zilizolipa vyumba hivyo viwili. Alijua kwamba angeweza kuifunga upya programu hiyo kabla ya saa tisa, kwamba hakuna mtu katika kamati nzima ambaye angetambua tofauti, na kwamba Jumatatu wangesema tu kwamba karani mpya, aliyewekwa Ijumaa, anaandika vizuri kuliko yule wa zamani. Alilijua hilo lote kwa wakati mmoja. Emérence alimtazama akilijua.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu amwoe binti wa watu. Aligeuka, akasema na mama mkwe wake uso kwa uso.

"Maman, uliandika vizuri."

Adèle aliivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge.

"Umuambie Zagabe," alisema, naye hakumpitia Emérence. "Miye nilikuwa najua."

&nbsp;

Jumatatu kamati ilikutana saa nne. Pascal alieleza akiwa amesimama, maana hakuna aliyemwonyesha kiti. Alieleza mara mbili.

"Ngoja," alisema Papa Zagabe. "Unataka kutuambia sifuri imekuwa kitu?"

"Ndani ya ile niliifunga, ndiyo, président."

"Miaka makumi tatu nauza maharagi. Sifuri ku mizani ni sifuri."

"Kosa ni yangu. Haiko ya maman."

"Na Jumatano ulisema nini hapa? Mbele yetu wote?"

Pascal alirudia alichokisema Jumatano, neno kwa neno, kwa kuwa waliendelea kumngoja. Wajumbe wale wawili waliocheka puani hawakucheka.

Waliamua upesi. Chama kingeilipa hospitali siku hiyo hiyo. Mkataba wa Pascal ungekoma mwisho wa mwezi, na mshahara wa Aprili ungezuiliwa kufidia siku ambazo mgonjwa alishikiliwa bila sababu. Kuhusu Maman Adèle, rais alikuna shingo. Tangu Ijumaa kiti cha maman kilikuwa na Aimée, binti wa dada wa rais, aliyemaliza masomo ya biashara, na haikuwa rahisi kumwinua mtoto wa watu. Wangemwandikia maman barua ya shukrani.

"Na ile neno ya franga?" aliuliza Pascal. "Batu banasema aliiba."

"Batu bataacha kusema. Tulia."

Hakutulia. Aliomba karatasi; Aimée akampa moja, bila kumtazama. Aliandika kwamba orodha za Machi na Aprili ziliharibiwa na kosa lake yeye, Pascal, fundi wa programu, na kwamba Maman Adèle aliandika kila jina kama lilivyotakiwa na kukabidhi kila franga. Akatia saini, akashuka ngazi, akaibandika kwenye mlango wa chini, kando ya duka la mabati, mahali ambapo kila mtu anayekwenda sokoni hupita. Muuza mabati alitoka kuisoma, akaisoma kwa sauti.

&nbsp;

Hospitalini mhasibu aligonga muhuri kwenye karatasi ya malipo. Tatiana alikuwa ameshafunga nguo zake katika kitambaa. Mlinzi alisoma muhuri, akageuza karatasi, akaitaka karatasi nyingine: ile ya damu.

"Bado mufuko moja."

Josué alifungua vifungo vya mkono wa shati lake. Katika chumba cha damu muuguzi akamwambia arudi baada ya miezi mitatu. Damu yake haijarudi mahali pake. Josué akasema mkewe hatakaa miezi mitatu juu ya mkeka. Walikuwa wakibishana hivyo Pascal alipoingia, viatu vikiwa na matope ya kilima. Alijitaja jina, akasema mkewe amemweleza juu ya mfuko uliobaki. Josué alilijua jina hilo, karatasi ya mlangoni alisomewa na mwenzake asubuhi hiyo.

Pascal hakusema neno la kuomba radhi, kwa kuwa alikuwa ameliandaa njiani na mbele ya mtu huyo lilimpotea. Alilala kwenye kitanda cha mpira. Muuguzi alimpima uzito na shinikizo la damu, akamchoma kidoleni, akamuuliza maswali kumi na mawili, kisha akatafuta mshipa. Aliukosa mara ya kwanza.

Josué hakutoka chumbani. Alisimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma, macho kwenye mfuko uliolala juu ya mizani ndogo inayotikisika. Aliutazama ukinenepa kama atazamavyo mtu aliyepunjwa mara moja na hataki kupunjwa tena. Ulipojaa, muuguzi akaufunga, akaupeleka penye baridi, akarudi na kipande cha karatasi chenye namba. Josué alikipokea. Alikikunja mara nne, akakitia katika ule mfuko wa plastiki pamoja na kadi, akatoka kwenda kumchukua mkewe.